Mota inazunguka nikiweka sekunde 30, nikiweka masaa 4 haizunguki kabisa. Nimekwama

fundi_wa_pasua

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Pasua hapa Moshi. Simu na redio ndiyo kazi yangu. Programu nimejifunza mwenyewe usiku baada ya kufunga kazi, kwa hiyo mkiona nimeandika kituko chekeni kidogo halafu mnisaidie.

Nimemtengenezea mama mdogo wangu wa Kiboriloni mashine ya kutotolesha vifaranga. Boksi ni friji bovu. Ndani kuna balbu nne za wati 60, zile za zamani zinazotoa joto, feni ya kompyuta, kihisi cha joto DHT22, na trei ya mayai inayolazwa upande huu na upande ule na mota ya waipa. Hiyo mota nilichomoa mwenyewe kwenye Corolla iliyokufa. Ubongo wa yote ni Arduino Uno, ile bodi ndogo unayoiandikia programu.

Mwanzoni niliandika kwa delay, amri inayosimamisha programu nzima isubiri. Nilisoma joto, nikawasha au kuzima balbu, nikasubiri delay(1000), nikaongeza hesabu moja. Hesabu ikifika 14400, yaani masaa manne, geuza trei. Ilifanya kazi, ila kwa uvivu. Kila mzunguko ulikula sekunde moja na kitu, maana kusoma kihisi na kuandika kwenye kioo nako kuna muda wake, na masaa manne yakawa masaa manne na dakika ishirini na nne. Halafu kuna kitufe cha kunyamazisha king'ora. Mama mdogo alikuwa anakibonyeza kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Anabonyeza, anaachia, king'ora kinaendelea. Mpaka akishikilie ndiyo kinasikia.

Jamaa mmoja wa stendi akaniambia delay ni sumu, tumia millis, ile inayohesabu milisekunde tangu bodi iwashwe. Nikaandika upya. Sehemu yenyewe ni hii:

```
unsigned long mwisho = 0;

void loop() {
  unsigned long sasa = millis();
  somaJoto();
  somaKitufe();
  if (sasa - mwisho >= 4 * 60 * 60 * 1000) {
    geuzaTrei();
    mwisho = sasa;
  }
}
```

Sasa hapa ndipo ninapotaka kulia. Nikiweka 30 * 1000 badala ya ile hesabu ndefu, trei inageuka kila baada ya sekunde 30, haikosei hata mara moja. Nikirudisha masaa manne, haigeuki. Jana nimekaa na Uno na mota kibandani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, wateja wanakuja wananikuta nimekodolea macho mota. Kimya. Nimebadilisha rilei, ile swichi inayowasha mota. Nimebadilisha waya za mota. Nimenunua hata Uno nyingine, nayo vilevile.

Na mayai yameshaingia, 60, ya kienyeji, leo siku ya tatu. Kwa sasa mama mdogo anageuza kwa mkono, ameyaandika X upande mmoja na O upande mwingine kwa penseli. Awamu iliyopita walitoka vifaranga 11 tu na sitaki kurudia ile aibu, maana jirani zake wote wanajua mashine katengeneza nani.

chalii_wa_sakina

Oya mwanangu unajitesa bure. Nenda kachukue taima ya kuchomeka ukutani, unaseti masaa, unachomeka mota, umemaliza. Kuku walikuwa wanatotoa kabla hiyo Arduino haijazaliwa.

fundi_wa_pasua

Chalii, nilianza nayo hiyo. Ile ya kuzungusha kwa mkono hatua yake ndogo ni dakika 15. Trei yangu inahitaji sekunde 8. Kwa dakika 15 ningepata mayai ya kukaanga.

binti_wa_tengeru

Kaka fundi, acha kununua Uno, haina kosa. Kabla sijaeleza naomba unifanyie jaribio moja. Weka 32 * 1000, uangalie. Kisha weka 33 * 1000, uangalie. Usiguse kitu kingine chochote. Uje uniambie.

fundi_wa_pasua

Dada. 32 imegeuka. 33 imekaa kimya. Nimerudia mara tatu nikidhani macho yangu. Umejuaje kutoka Tengeru kitu kilichomo ndani ya kibanda cha Pasua?

binti_wa_tengeru

Kwa sababu nimeshakanyaga shimo hilohilo, ila mimi ilikuwa pampu ya kumwagilia nyanya.

Kila namba unayoiandika kwenye programu inapewa chombo cha kukaa. Kwenye Uno kama yako, namba ndogo ya kawaida isiyo na alama yoyote inapewa chombo cha biti 16, kinachoitwa int, na mwisho wa chombo hicho ni 32,767. Mara elfu moja, 32 ni 32,000, inaenea. 33 ni 33,000, haienei. Ndiyo maana sekunde 30 zako zilikuwa zinakudanganya vizuri kabisa. Ulichagua namba ya majaribio inayoenea kwenye kopo.

Wewe uliangalia "mwisho" na "sasa", ukaona vyote ni unsigned long, yaani chombo kikubwa, ukaridhika. Na kweli hivyo viko sawa. Tatizo liko upande wa kulia wa alama ya >=. Pale kuna 4, 60, 60 na 1000, zote namba ndogo, kwa hiyo kompaila, yule anayetafsiri programu kwa ajili ya bodi, anazizidisha ndani ya kopo dogo. Hamuulizi jibu litakwenda wapi, anaangalia vinavyozidishwa tu. 4 mara 60 ni 240, sawa. Mara 60 ni 14,400, bado sawa. Mara 1000 inatakiwa iwe 14,400,000, na hapo kopo linafurika. Kinachobaki ndani ni hasi 17,920. Ukitaka hakikisha mwenyewe, mwambie aiandike kwenye skrini.

Utasema basi, kama ni hasi, si ingegeuka muda wote bila kupumzika? Ingekuwa hivyo kama upande wa kushoto nao ungekuwa unajua hasi. Ila unsigned long haijui hasi. Ikilinganishwa na hasi 17,920, inaisoma kama 4,294,949,376. Hizo ni milisekunde. Gawanya upate siku: siku 49 na masaa 17.

Kwa hiyo mashine yako haijafa. Inasubiri siku 49 ili igeuze yai. Kuku mwenyewe anaatamia siku 21.

Dawa yake ni herufi mbili:

```
const unsigned long KIPINDI = 4UL * 60 * 60 * 1000;
```

Hiyo UL kwenye 4 inamwambia kompaila aanze na chombo kikubwa, na kwa kuwa anazidisha kutoka kushoto kwenda kulia, kila kinachofuata kinaingia kwenye chombo kikubwa. Iweke kwenye namba ya kwanza siku zote. Ukiiweka mwisho, kwenye 1000, leo utapona kwa bahati kwa sababu 14,400 inaenea, lakini siku utakayoandika 24 * 60 * 60 * 1000UL utalia tena. 24 mara 60 mara 60 ni 86,400, imeshafurika kabla haijaiona UL.

Usishangae pia ukikuta mtu YouTube ameandika kama wewe na yake inafanya kazi. Mwangalie, mara nyingi ametumia bodi nyingine, ESP32. Kule int ina biti 32, hiyo hesabu inaenea bila shida. Wewe umenakili sentensi sahihi ukaipeleka kwenye mashine yenye kopo dogo.

Na kwenye mipangilio ya programu ya Arduino kuna sehemu ya maonyo ya kompaila. Inakuja ikiwa imezimwa. Iwashe yote. Angekuambia tangu siku ya kwanza kwamba hesabu imefurika, kwa mstari na namba yake, usingenunua Uno ya pili.

fundi_wa_pasua

Nimeiwasha hiyo sehemu ya maonyo. Limetoka onyo lenyewe, mstari uleule. Siku nne limekaa limefungwa mdomo. Nimechoka mwili na roho.

UL nimeweka, nimejaribu kwa dakika 2 kwanza, imegeuka. Sasa hivi inahesabu masaa manne. Uno ya ziada nani anataka?

chalii_wa_sakina

Mimi. Bei ya kishkaji lakini.

mzee_wa_redio

Wanangu, binti kaeleza vizuri sana. Ila mimi nina wasiwasi mwingine. Hiyo millis nayo ina mwisho wake. Ikifika siku 49 na kitu inarudi sifuri. Siku hiyo "sasa" itakuwa ndogo kuliko "mwisho", kutoa kutaleta vurugu, na mashine itakwama. Mtu akiiacha inawaka miezi miwili awamu baada ya awamu, itamkuta katikati ya mayai. Mimi huwa naweka mstari wa kuangalia kama imerudi sifuri, ndipo naianzisha upya.

binti_wa_tengeru

Shikamoo mzee. Kurudi sifuri ni kweli, inarudi. Vurugu ndiyo haipo, alimradi umeandika kwa kutoa kama alivyoandika fundi.

Tuchukue saa ya ukutani. Umeinjika makande saa kumi jioni, umeepua saa mbili usiku. Yameiva kwa masaa mangapi? Manne, na hakuna mtu Arusha nzima atakayekwambia hasi nane kwa sababu mbili kutoa kumi ni hasi nane. Saa imepita kumi na mbili ikaanza moja, nasi tunahesabu kwa kuzunguka hukohuko. Unsigned long inafanya hesabu hivyohivyo, ila duara lake lina namba 4,294,967,296 badala ya 12. "sasa" kutoa "mwisho" inaleta muda sahihi hata kama katikati saa imezunguka.

Kinachoharibika ni pale mtu anapoandika kwa kujumlisha, yaani anapanga kabla: "zamu ijayo ni mwisho + KIPINDI", halafu anauliza kama sasa imeipita zamu ijayo. Hapo ndipo kurudi sifuri kunapomuumiza, kwa sababu zamu ijayo imeshazunguka imekuwa namba ndogo na sasa bado ni kubwa. Anauliza "imepita?", anajibiwa "ndiyo", mayai yanageuzwa mfululizo. Hesabu ni ileile, ila kuhamisha herufi upande wa pili wa alama kunabadilisha kila kitu.

mzee_wa_redio

Marahaba mwanangu. Mfano wa makande umenifunga mdomo. Ule mstari wangu basi nimekuwa nikiuandika miaka yote bila kazi.

Lakini nibishane na wewe kwenye hili jingine. Fundi ameandika mwisho = sasa. Mimi nasema aandike mwisho += KIPINDI. Nieleze kwa nini, maana limeniaibisha hadharani. Niliwahi kutengeneza kengele ya shule moja hapa mjini, igonge kila dakika 40. Niliandika kama fundi. Kila zamu ikichelewa kidogo, kwa sababu loop, yaani ule mzunguko wa programu, ilikuwa na shughuli nyingine, zamu inayofuata inaanza kuhesabu kutoka kwenye huko kuchelewa. Kuchelewa kunabebana. Ukiandika += unahesabu kutoka pale ilipotakiwa igonge, hata kama imegonga kwa kuchelewa. Nikarekebisha, nikafurahi.

Ikaendelea kuchelewa. Kama dakika mbili kwa siku. Ijumaa watoto wanakwenda kula dakika kumi baada ya wenzao wa shule ya jirani, nao wanawasikia wakipiga sahani. Mwalimu wa zamu akanipigia simu, sitayaandika aliyoyasema. Kumbe Uno yenyewe saa yake si ya kuaminika kiasi hicho. Chipu yake kubwa inaendeshwa na risoneta ya kauri, si kioo cha kwatzi kama saa ya mkononi. Inakosea kidogo, na joto likibadilika inakosea namna nyingine. Nilipoweka DS3231, chipu ya saa, na kibetri chake cha mviringo ndipo simu zikakoma.

binti_wa_tengeru

Mzee hapo uko sahihi kwa kengele, na ningefanya hivyohivyo. Kwa mayai naona ni kuhangaika. Yai halijui kama limegeuzwa baada ya masaa manne au manne na dakika tatu, linachotaka ni lisikae upande mmoja mpaka kiini kishikamane na ganda. Na += ina tabia moja ya kuogopa. Loop ikikwama muda mrefu kwa sababu yoyote, ikizinduka inataka kulipa zamu zote ilizokosa, moja baada ya nyingine. Kengele ikigonga mara tatu watu watacheka. Trei ya mayai ikigeuzwa mara tatu mfululizo ni hadithi nyingine. Fundi, baki na mwisho = sasa.

Ila kuna kitu kimoja unakificha, nimekiona jina tu. geuzaTrei ndani yake kuna nini?

fundi_wa_pasua

Umenikamata. Kuna delay(8000).

binti_wa_tengeru

Nilijua. Sumu umeitoa sebuleni umeiweka chumbani. Kwa sekunde hizo nane king'ora hakisikii kitufe na balbu inabaki ilivyokuwa. Ukweli ni kwamba sekunde nane kila masaa manne haziwezi kuua kifaranga, na ningekuwa wewe nisingegusa programu inayofanya kazi huku mayai yamo ndani. Ukimaliza awamu hii, andika hivi:

```
if (!motaInazunguka && sasa - mwishoTrei >= KIPINDI) {
  washaMota();
  motaInazunguka = true;
  mwishoTrei = sasa;
}
if (motaInazunguka && sasa - mwishoTrei >= 8000UL) {
  zimaMota();
  motaInazunguka = false;
}
if (sasa - mwishoJoto >= 2500UL) {
  somaJoto();
  mwishoJoto = sasa;
}
somaKitufe();
```

Kila shughuli ina "mwisho" wake. Hakuna anayemsubiri mwenzake. Loop inapita mbio inauliza kila mmoja "zamu yako imefika?", asiye na zamu inamruka. Kitufe hakina kipindi, kinaulizwa kila mzunguko, kwa hiyo mama mdogo akigusa tu kinasikia. Joto nimeliwekea sekunde mbili na nusu kwa sababu DHT22 inahitaji angalau sekunde mbili kati ya kusoma na kusoma, wewe ulikuwa unaigombeza kila mzunguko.

chalii_wa_sakina

Hii ni kama zamu za maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, kule kwa babu Kibosho. Kila mtu na siku yake, na ukichelewa kufungua hakuna anayekungoja.

binti_wa_tengeru

Chalii leo umesema kitu.

mzee_wa_redio

Nami niongeze moja kabla sijalala. Umeme ukikatika ukarudi, millis inaanza sifuri. Ikiwa umekatika zamu ikiwa imefika masaa matatu na nusu, ukirudi inahesabu manne mengine. Ukikatika mara tatu mchana, trei inaweza isigeuke mchana kutwa, na programu haina kosa hata moja. Hifadhi dakika zilizopita kwenye EEPROM, ile kumbukumbu isiyofutika umeme ukienda. Usiandike kila sekunde, inachakaa. Kila sehemu imehakikishwa kuandikwa mara 100,000. Kila dakika 10 inatosha, hizo ni mara 144 kwa siku.

fundi_wa_pasua

Mzee shikamoo, na asante. Hilo la umeme nadhani ndilo lililoniulia ile awamu ya kwanza, maana ulikuwa unakatika karibu kila jioni. Nitaliandika pamoja na ya dada siku mayai yakitoka. Nimeweka alama kwenye kalenda: siku ya 18 nazima mota, siku ya 21 nalala Kiboriloni.

Matokeo ya usiku. Nilipeleka Uno na mota Kiboriloni jana saa mbili kasoro, nikawasha, nikaondoka. Hesabu yangu ilikuwa igeuze kama saa sita usiku. Saa sita na dakika tano simu inaita, mama mdogo, ananong'ona. Anasema kuna mtu anakwaruza jikoni, amekwisha kumwamsha baba mdogo na baba mdogo ameshika panga. Nikamwambia angalia trei, imelala upande gani? Akakaa kimya kidogo. Nikasikia mlango wa friji unafunguliwa. Akasema, "Imelala upande wa dirishani. Jioni ilikuwa upande wa mlango."

Asubuhi hii amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Amefurahi, ila anauliza kama naweza kuiambia igeuze mchana tu.